Boti Haikuwa Ikikulilia, Sefu

Sefu,

Kisomoni tumefundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Mwalimu anaandika ubaoni, "Hujambo? Mimi sijambo, wasiwasi wangu ni juu yako," nasi tunanakili. Sasa wewe nikuulize nini? Hali yako naijua. Umelala nyuma ya msikiti, na juzi nimewafukuza kwa fimbo watoto waliokuwa wakikatiza juu yako kwenda kisimani. Hali yetu huku ndiyo usiyoijua. Basi nikupe hiyo.

Ulisema nitaandika barua siku kuku atakapoota meno. Uliniona na daftari nikienda darasa la watu wazima pale ofisi ya kijiji, ukanitangazia njia nzima: "Jamani, mpisheni Somoe, anakwenda kusomea ukarani!" Haya, kuku ameota meno. Hati yangu imepinda na mistari inapanda mlima, lakini nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Laiti ungekuwepo ukaicheka.

Naanza na boti, kwa sababu najua ndilo swali lako la kwanza. Kabla ya mkeo, kabla ya mamaako, usinidanganye. Boti haivuji tena. Na hazikuwa mbao, Sefu. Hazikuwa mbao hata siku moja.

Nitafika huko. Acha nikwambie kwa mpango, maana nikianza na hasira nitalichana daftari.

Unakumbuka boti yetu Juhudi ilivyoletwa? Kijiji kizima cha Bweni tulishuka pwani na ngoma. Wewe ulikuwa umepelekwa kujifunza injini, ukarudi na kofia ya kaki na mwendo mpya, mguu nje, tumbo mbele. Mamaako, shangazi yangu, akalia kwa furaha. Mimi nikasema, "Binamu yangu ameondoka mtu, amerudi bata." Ndiyo haki yangu hiyo. Mtoto wa shangazi ni mtani, naye mtani haulizwi kwa nini anatukana.

Ulinitangulia kuzaliwa kwa mwezi mmoja, mmoja tu, ukataka nikuamkie maisha yako yote. "Niamkie, Somoe, mimi mkubwa wako." Nami nakujibu, "Nitakuamkia siku utakayokufa." Tulisema hivyo tukiwa watoto tunaokota maembe, tukasema mbele ya wageni siku ya harusi yako, na Mwanahawa, masikini, bibi harusi mgeni, akadhani tunagombana kweli.

Basi boti ukaitia moyoni. Huku kwetu mwisho wa kisiwa, barabara ya kwenda mjini Kilindoni ni matope na mizizi, nani asingeipenda? Ndiyo iliyobeba mbata zetu, ndiyo iliyopeleka wagonjwa hospitali. Lakini wewe ulizidi. Ulizungumza na ile injini kuliko ulivyozungumza na mkeo. Unaigonga begani: "Haya bibi, amka, wanakusubiri." Na dizeli ilipoadimika, pipa likafungiwa ofisini, ufunguo kwa Mwenyekiti wa kijiji, wewe ulikuwa mkali kumpita Mwenyekiti mwenyewe. Injini haikuwashwa mpaka abiria wamekaa na nanga imeng'oka. Mtu akisema hebu iwashwe tu tusikie mlio, unamkata kauli: "Mafuta ya kijiji si ya mchezo." Uliyasema maneno hayo mpaka kasuku angeyashika.

Kisha ikaanza kuvuja. Ikilala nangani, asubuhi unainua mbao za kukanyagia, ngama huko chini maji yanakotuama ni kavu. Ikienda Kilindoni na kurudi, Kombo anafua maji kwa kopo kuyamwaga nje mpaka mikono inamfa ganzi. Masikini Kombo, kazi yake ilikuwa kutupa nanga na kupakia mbata, akageuka kuwa mtu wa kopo. Ulichovya kidole ukaonja, ukasema chumvi, ni ya bahari, si ya mtungi. Ukafungasha upya pale shafti inapopenya kwenda kuzungusha rafadha majini, kwa pamba iliyolowa grisi. Maji yakaja vilevile. Ndipo ukakata shauri: chombo kikitembea mbao zinacheza, zikicheza mishono inafunguka. Nani angekubishia? Marehemu babaako alikuwa fundi kalafati, wa kuziba mishono ya vyombo, na babu yako vilevile. Kwenu chombo kikivuja dawa yake ni pamba, patasi na nyundo, kisha shahamu ya kupaka juu. Na sisi sote hapa ni hivyo hivyo, tumezaliwa kwenye vyombo vya tanga, hatujui ugonjwa mwingine.

Ukaipandisha mchangani, ukaikalafati upande mmoja. Ikavuja. Ukaipandisha tena, upande wa pili. Ikavuja. Nikakwambia, "Sefu, umeishona boti kama kanzu ya bwana harusi na bado inakunywa, labda ina kiu tu." Ukacheka, ukanirushia vumbi la chokaa. Ukasema sasa utaifumua yote, tangu mkuku huko chini mpaka juu, hutaacha mshono hata mmoja.

Hapa kalamu inakuwa nzito.

Boti ilikuwa imelala ubavu, mishono wazi, unaona mwanga wa upande wa pili, asubuhi ile ngiri yako ilipokaza. Ngiri uliyoificha miaka, unaifunga kwa kitambaa, unaona haya kumwonyesha mganga. Muuguzi wa zahanati alikutazama mara moja tu akasema huyu wa kupasuliwa, Kilindoni, leo hii. Leo hii! Na boti iko wazi kama tenga. Ngalawa zilikuwepo, lakini kusi ilikuwa imekaza, na kwenda Kilindoni ni kuipinga usoni. Lori moja linalofika kwetu lilikuwa limezama matopeni huko mbele. Wakakulaza kwenye kitanda cha kamba cha mamaako, wanaume wakapokezana, nami nikafuata na birika la maji.

Mvua ilikuwa haikati. Ulisaga meno njia nzima. Kuna mahali ukanipungia mkono nisogee, nikadhani sasa ananipa wasia, ataniambia habari ya mkewe au ya Shangazi. Nikainama. Ukasema, "Mwambie Kombo asipake shahamu kabla pamba haijakaa."

Ndilo neno lako la mwisho duniani, Sefu. Shahamu! Baada ya hapo hukusema la maana. Ulikata roho kabla hatujafika Kirongwe, na wanaume wakasimama kidogo, kisha wakakigeuza kitanda bila kuambiana. Tukarudi njia ile ile. Mimi bado nimeshika birika, na lilikuwa bado limejaa, kwa kuwa hukutaka kunywa.

Siku ya mazishi watu walikuwa wakinitazama. Wanajua desturi. Mtani ndiye anayeruhusiwa kucheka kilioni, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, ndiye anayewazuia watu njiani mpaka wampe haki yake, ili wafiwa wapumue. Na sisi wawili tulishaahidiana: atakayetangulia, mwenzake amfanyie utani mpaka waliaji washike mbavu. Basi walinisubiri. Nami nimekaa ubavuni mwa Shangazi, mdomo umeshonwa. Mtu akanong'ona, "Mtani gani huyu?" Nilimsikia. Sikuweza. Nisamehe au usinisamehe, sikuweza.

Kombo akaimaliza kazi yako. Usiwe na shaka, alingoja pamba ikae. Boti ikashushwa, ikaenda Kilindoni, ikarudi maji yanagusa mbao za kukanyagia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Boti inamlilia Sefu." Nikwambie kweli, mwanzoni nililipenda neno hilo. Nilikuwa nikishuka pwani kuchota mchanga wa kusugulia sufuria, naitazama, nasema, lia mwenzangu, afadhali wewe unaweza. Lakini neno likageuka. Likawa boti ina mkosi, mwenyewe anaivuta, ipo siku atachukua na abiria. Watu wakaanza kuiogopa. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema injini ing'olewe ifungwe kwenye mashine ya kusaga, akina mama wapumzike mchi. Mikono ikapanda. Hata ya wanawake ilipanda, na mimi siwalaumu, viganja vyangu vyenyewe vinaujua mchi. Wakakubaliana ingojwe arobaini yako ipite kwanza, kwa heshima.

Na mkeo, Sefu, ana mimba.

Ulimwacha nayo changa. Unakumbuka yule wa kwanza alivyokwama, akatoka ameshakufa, na Mwanahawa mwenyewe akaponea chupuchupu. Muuguzi alishatwambia, huyu wa pili azaliwe hospitali, kwa daktari, asithubutu hapa. Sasa boti ikigeuzwa kinu, Mwanahawa atakwenda na nini? Kitanda kile kile cha kamba kilikuwa kimesimamishwa ukutani kwa Shangazi. Kila nikiingia nakiona. Nilikuwa naona miguu ya wanaume ikiteleza matopeni, ila aliyelala juu si wewe tena.

Nilisimama mkutanoni nikasema. Sikusema vizuri, nilipayuka. Mwenyekiti akanijibu kwa upole, "Bi Somoe, tunajua uchungu wako. Lakini boti inayojaa maji itamzamisha mama na mtoto pamoja." Na alikuwa anasema haki. Nilirudi nyumbani nikaupiga mchi mpaka nafaka ikaisha kinuni, bila kujua natwanga nini.

Ikafika arobaini. Hitma ikasomwa asubuhi, watu wakala pilau, wakaomba dua. Mimi niko ndani natafuta masinia, nikaiona kofia yako ya kaki imetundikwa juu ya kile kitanda. Sijui nini kilinipanda kichwani. Nikaivaa. Nikavaa na shati lako, lile lisilotoka grisi hata ulichemshe. Nikachukua hendeli ya kuwashia injini pale pembeni. Shangazi akanitazama, nikajua sasa atanikaripia mbele za watu. Akasema, "Umechelewa. Lakini nenda."

Nikatoka na mwendo wako. Mguu nje, tumbo mbele, naikagua minazi kana kwamba nimeipanda mimi. Loo, Sefu, ungewaona! Walianza wawili watatu, kisha uwanja mzima, wanacheka huku wanajifuta machozi kwa ncha za kanga, wakanifuata mpaka pwani. Maji yalikuwa yamejaa, Juhudi iko nangani hatua chache tu. Nikaingia majini na shati lako, nikapanda. Kombo akanifuata, kwa kuwa alijua hendeli ile ingenivunja mkono. Nikaigonga injini begani nikasema kwa sauti yako ya puani, "Haya bibi, amka, wanakusubiri!" Pwani ikalipuka. Kombo akazungusha, ikawaka.

Ikawaka, na boti imesimama. Nanga chini, hakuna anayekwenda popote. Mafuta ya kijiji, ya mchezo kabisa.

Mwenyekiti akaja mbio mpaka ukingoni. "Bi Somoe! Zima! Dizeli hiyo!" Nikamwambia mtani hazimi mpaka apewe haki yake. Haki gani? Nikamwambia aingie humu afue maji, aonje kazi ya Kombo, ndipo nizime. Watu wakamsukuma, naye mtu wa watu, akakunja suruali akapanda. Kombo akampa kopo. Ngamani mlikuwa na maji kidogo ya mvua, nikajua atayamaliza upesi tucheke tuondoke. Akafua, wanampigia makofi. Akafua tena. Makofi yakaanza kuchoka, yeye bado yumo. Mwisho akainuka, jasho linamtiririka, akauliza bila mzaha, "Jamani, mbona haya hayaishi?"

Kombo akachungulia. Nikamwona uso unambadilika. Akachovya kidole, akalamba, akaniambia polepole, "Bi Somoe, ni chumvi, na nanga iko chini. Hatujatembea."

Akazima. Maji yakaacha kupanda. Tukayafua yote, tukangoja, ngama ikabaki kavu. Akawasha, yakaja. Akazima, yakakoma. Boti imetulia kama sinia mezani, hakuna ubao unaocheza, na maji yanakuja. Yanakuja na injini.

Mwenyekiti hakukumbuka tena dizeli. Alipiga kelele watu walete majivu. Yakaletwa kwenye ungo, majivu ya meko ya hitma yako, bado yana joto. Tukakausha ngama kwa matambara, nikanyunyiza majivu kila mahali, juu ya mataruma, yaani mbavu za boti, juu ya mkuku, mbele ya injini, kandokando ya shafti, mpaka kule ndani kukawa kweupe. Kombo akawasha. Tukainama watu watatu, tukagongana vichwa. Mbele, kweupe. Kwenye mishono yako, kweupe pande zote mbili. Kwenye shafti, kweupe. Nyuma ya injini, kule ambako mtu haoni mpaka alale kifudifudi, majivu yakaanza kuwa meusi, kisha yakachimbika kijito. Nikalala chini nikapitisha mkono. Maji yakanipiga kiganjani.

Mpira, Sefu. Ule mpira unaopandisha maji ya bahari kutoka kwenye pampu kwenda kuipoza injini. Umepasuka upande wa chini, pale ulipoegemea chuma, ufa mdogo kama kidole changu cha mwisho. Injini ikilala, nao umelala. Injini ikienda, inavuta bahari na kuitemea ndani ya boti. Na wewe hukuwahi kuiwasha imesimama.

Walipiga vigelegele. Kombo alirukaruka mpaka boti ikayumba. Mimi nilikaa pale pale juu ya mataruma, kofia yako kichwani, majivu mpaka kwenye viwiko, nikalia kilio nilichokikosa siku ya mazishi. Na kilikuwa kilio cha hasira, usidhani vinginevyo. Ningekushika ningekuzaba kofi. Mbao zilikuwa nzima! Siku ile ngiri ilipokukaza boti ilikuwa nzima, ni wewe uliyeifumua kwa patasi yako. Ungeiacha na kuvuja kwake, Kombo angefua maji njia nzima kama kawaida yake na ungefika. Ungefika, Sefu. Kwa ajili ya ufa wa mpira.

Nilikutukana sana pale, na hakuna aliyenizuia, wakidhani bado ni utani. Kisha hasira ikaniishia, kwa sababu nilijiuliza, nani angemwambia? Hakuna hapa aliyejua. Ulifanya alichofanya babaako, na ulikifanya vizuri, kalafati yako haikupitisha hata tone.

Mwenyekiti alitoa mpira wa ndani wa baiskeli yake mwenyewe. Kombo akaukata, akauviringa juu ya ufa mara kadhaa, akakaza kwa waya. Baadaye wakaagiza mpira mpya kutoka Dar es Salaam, umekwisha fungwa. Habari ya mashine ya kusaga haijatajwa tena, na sisi bado tunatwanga.

Mwanahawa alikuwa ndani, kwenye eda yako. Aliusikia mlio wa injini ukiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, akadhani anapandwa na homa. Nilipoingia nimelowa, na nguo zako mwilini, alishika ukuta. Akataka kujua. Nilifikiri nimfiche, Sefu, wallahi nilifikiri. Lakini ni mkeo, na kijiji kizima kilikuwa kinakuja na habari hiyo nyuma yangu. Nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo siku ile ilikuwa nzima?" Nikasema ilikuwa nzima. Akageukia ukuta.

Kesho yake nimemkuta anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Bishi yule. Akitoka huko alipo leo, nitampiga na ungo huu." Akaanza kucheka. Tulicheka mpaka akashika tumbo, nikaogopa, nikamwambia basi, basi, utamtoa mwenzio kabla ya siku zake. Kisha akalia, nami nikamshika. Mchele ulimwagika wote.

Siku zake zilipokaribia tukampeleka. Tulimfunika kaniki na kumzungushia shuka, maana bado alikuwa edani, na wanaume wakageuza nyuso wakati anapanda. Kombo ndiye dereva sasa. Hana maringo yako, hakumwambia yule bibi wa injini neno, aliwasha tu. Mimi nilikaa chini nimeinua ubao mmoja, mkono wangu umo ngamani njia nzima mpaka Kilindoni. Kavu. Nilikuwa nikiutoa mkono nauangalia, naurudisha. Tulipita sambamba na ile barabara, tukaiona minazi yake kwa mbali, na Mwanahawa akafumba macho mpaka tukaivuka.

Mtoto alikwama tena. Daktari alimpasua. Kisu kile kile, Sefu, kilichokuwa kikikungoja wewe. Nilikaa kwenye baraza la hospitali na nikakitukana na kukishukuru kwa mdomo mmoja.

Una binti. Mamaake mzima. Eda imekwisha siku ile ile, kwa kuwa amejifungua, na mtoto amepewa jina la Shangazi. Ni mweusi kama wewe, na anakunja uso vilevile ulivyokuwa ukiukunja ukisikiliza injini. Nikimwita hageuki. Bishi. Shangazi amezikata kamba zote za kile kitanda, amekisuka upya kwa mikono yake, na sasa analala na mjukuu wake juu yake. Nikiingia bado nakiangalia, lakini siangalii muda mrefu.

Yapo ambayo hayajapona. Jioni nikisikia boti inaingia, mguu wangu unanyanyuka wenyewe kwenda kukutukana. Nina maneno mengi mabaya niliyokuwekea, hayana pa kwenda. Kombo nikimtania anainamisha kichwa, anasema "ndiyo, Bi Somoe." Sasa mimi nikifa nani atavaa kanga yangu? Nani ataniiga ninavyopayuka mkutanoni? Tulipoahidiana hatukulifikiria hilo, kwamba atakayebaki atabaki hana mtani.

Basi ahadi yangu ni hii. Siku hizi boti haiondoki mpaka injini iwashwe kwanza nanga ikiwa chini, na mtu aingize mkono ngamani aone. Kombo akimwendea Mwenyekiti kwa dizeli humwambia, "Na ya Sefu," naye humwongezea bila kunung'unika. Nikiwa hai, na nina mguu wa kunifikisha pwani, mkono huo utakuwa wangu. Na binti yako nitamlea kwa utani. Najua kwa desturi yeye ni mwanangu, si mtani wangu, lakini wazee wakinikataza nitawaambia waje wanidai huko ulipo, siku nikikufuata. Atajua babaake alikuwa fundi, na atajua habari ya mpira, yote, kutoka kinywani mwangu, na nitamfundisha kucheka anapoisimulia. Kofia nimemwekea.

Daftari linaisha. Lipo jambo moja bado, ulilolitaka tangu tukiwa watoto, nikakunyima, nikasema siku utakayokufa. Njiani kule, umelala kitandani, lilinifika mdomoni. Nikalimeza. Niliogopa kwamba nikilisema utaondoka, na uliondoka tu.

Lala salama, mkubwa wangu.

Shikamoo, Sefu.

Mtani wako,
Somoe